Charles Dow, mtu aliyeweka bei za hisa mbele ya macho ya wote

Kila mtu wa kambi anajua kitu hii: bei ya shaba haipangwi ku Kolwezi wala ku Likasi. Inapangwa mbali, ku London, na sisi tunaisikia mu radio ao mu telefone. Hata kampuni kubwa zenye zinachimba huku kwetu, hisa zao zinauzwa mbali: Glencore ku London, CMOC ku Hong Kong na Shanghai, Ivanhoe Mines ku Toronto. Hisa ni kipande kidogo cha kampuni, ile tunazoea kuita action. Mwenye hisa eko na sehemu yake mu faida, na eko na sehemu yake mu hasara vilevile.

Siku hizi vijana wanaonyeshana mu telefone orodha za hisa zenye zimepewa alama, sawa vile mwalimu anapatia watoto alama ku masomo. Hii iko na 98, ile iko na 40. Programu inapita mu maelfu ya hisa na kuchagua zile zenye nguvu. Wengine wanafikiri ni dawa mpya ya kupata makuta. Kumbe mizizi yake ni ya zamani. Inatoka kwa mwandishi mmoja wa gazeti, mtoto wa mkulima, mwenye alifunguka macho mu mji wa wachimbaji. Jina lake ni Charles Henry Dow, na maisha yake yanafaa kujulikana na watu wa migodi kuliko na watu wengine wote.

Mtoto wa shamba

Dow alizaliwa tarehe 6 Novemba 1851 mu Sterling, ku Connecticut, mu Marekani. Baba yake alikuwa mkulima na akakufa wakati mtoto alikuwa na miaka 6 tu. Masomo hayakuwa mingi. Kijana alifanya kazi ndogo ndogo za hapa na pale, lakini shamba halikumvuta. Alipofika miaka 20 na kitu akaingia mu gazeti la Springfield, ku Massachusetts. Mkubwa wake, Samuel Bowles, alikuwa mtu mkali. Alitaka habari ziandikwe fupi, wazi, bila maneno ya kujionyesha. Dow akashika hiyo desturi na hakuiacha mpaka kufa.

Nyuma akahamia Providence, na mu 1877 akaingia mu gazeti la Providence Journal. Kule akaanza kupenda kazi yenye wengine walikuwa wanaikimbia: kufungua makaratasi ya zamani, kuhesabu, kulinganisha mwaka na mwaka. Aliandika historia ya meli za moshi zenye zilikuwa zinatembea kati ya New York na Providence. Alionyesha nani alipanda na nani alianguka, na juu ya nini. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyeusi, mwenye kusema polepole. Watu walimwona sawa profesa, yeye mwenye hakusoma sana.

Leadville, mu 1879

Mu 1879 mkubwa wake akamtuma safari ndefu ku Colorado, mpaka Leadville. Mji ule uko juu mu milima, zaidi ya metre 3.000. Wakati ule watu walikuwa wanakimbilia kule juu ya feza, lile jiwe la thamani. Dow alisafiri pamoja na matajiri wa New York wenye walitaka kuona migodi mbele ya kuweka makuta yao. Mu safari ile akasikiliza maulizo yao: mgodi huu unatoa tani ngapi, gharama ni ngapi, nani anashika hesabu, jiwe litabakia miaka ngapi?

Mji wa Leadville ulikuwa na hadithi yenye mchimbaji yeyote wa Katanga ataielewa. Tangu 1860 watu walikuwa wanasafisha zahabu mu bonde la pale, na mchanga fulani mweusi, mzito, ulikuwa unawasumbua. Unajaza vyombo vyao, wanautupa. Miaka mingi kisha, watu wawili wakaupeleka kupimwa. Kumbe ule mchanga ulikuwa na risasi, na ndani ya risasi mlikuwa feza. Watu walikuwa wanatupa utajiri kwa mikono yao juu hakuna mtu aliyekuwa ameupima.

Kulikuwa pia mwenye duka mmoja, Horace Tabor. Mu 1878 alipatia wachimbaji wawili chakula na vyombo vya kazi, na wakapatana kwamba wakipata kitu, sehemu moja ya tatu ni yake. Wakapata feza. Mgodi ule ukaitwa Little Pittsburg. Mwaka uliofuata kampuni ikaundwa, hisa zikauzwa ku New York, na kampuni ikawa inagawa faida kubwa kila mwezi. Watu wa mbali walipoona bei inapanda, wakanunua. Bei ikapanda tena, wakanunua tena. Kama zile alama za leo zingekuwako, Little Pittsburg ingekaa juu kabisa ya orodha.

Lakini chini ya bulongo feza ilikuwa inaisha. Tabor akauza sehemu yake kwa dola milioni moja mu 1879. Mwanzo wa 1880 habari ikatoka kwamba jiwe la maana limebakia kidogo, na bei ya hisa ikaanguka vibaya. Wenye walikuwa karibu na shimo walikuwa wamejua. Wenye walikuwa mbali walijua bei tu.

Na wachimbaji je? Walikuwa wanalipwa karibu dola 3 kwa siku. Mu mwezi wa 5 wa ule mwaka wa 1880 wakafanya mgomo. Walitaka dola 4, na saa 8 za kazi kwa siku. Mgomo ulianzia ku mgodi wa Chrysolite, wenye hisa zake pia zilikuwa zinauzwa ku New York. Mu mwezi wa 6 gavana akaweka mji chini ya amri ya askari, na mgomo ukavunjika. Watu wengine walisema kwamba mgomo ulifaa wakubwa wa kampuni, juu ulificha udhaifu wa mgodi wao. Mambo ya namna hii tunayajua.

Wakati ule Dow alikuwa tayari ameacha Leadville. Aliandikia gazeti lake barua 9 juu ya mji ule. Alieleza milima, mashimo, nyumba za pombe na za kuchezea karata, na namna watu wanatajirika ao wanaanguka kufuatana na habari zenye zinawafikia. Aliporudi hakukaa sana ku Providence. Akafunga mizigo, akaenda New York.

Chumba kidogo chini ya Wall Street

Ku New York alipata kazi mu nyumba ya Kiernan, yenye ilikuwa inakusanya habari za biashara na kuzipeleka ku mabenki. Akamwita rafiki yake wa Providence, Edward Jones, mtu mwenye maneno mingi lakini mwenye macho makali sana ku hesabu za kampuni. Kulikuwa pia Charles Bergstresser, mwenye alitengeneza kalamu ya kuandika nakala nyingi kwa mara moja. Mu Novemba 1882 watu hawa watatu wakaanza kampuni yao. Jina la Bergstresser lilikuwa refu mno, basi wakaweka paka mawili: Dow Jones.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo cha chini, ku namba 15 Wall Street. Wao watatu wanakusanya habari, wanaandika kwa mkono, na vijana wanakimbia mu barabara kuzigawa. Mu 1883 wakaanza kutoa karatasi ya jioni yenye kukusanya habari zote za siku. Tarehe 8 Julai 1889 karatasi ile ikageuka gazeti kamili, The Wall Street Journal. Lilikuwa na kurasa 4, na bei yake senti 2.

Inafaa kujua soko lilikuwa namna gani wakati ule. Kampuni nyingi zilikuwa zinaficha hesabu zao. Matajiri kidogo walikuwa wanapatana kwa siri kununua hisa fulani, bei inapanda, watu wadogo wanakimbilia, na kisha wale wakubwa wanauza na kutoka. Mwandishi wa gazeti angeweza kupewa makuta ili asifu kampuni. Dow alichagua njia ingine. Aliandika bei, mapato, madeni, kila siku, kwa kila mtu mwenye senti 2. Mtu wa duka akaweza kuona kitu yenye mbele ilionwa na wenye benki peke yao.

Kipimo cha soko

Sasa tuje ku kazi yenye ilimfanya ajulikane dunia nzima. Siku moja hisa hii inapanda, ile inashuka, ingine inakaa. Mtu akiuliza kama soko linapanda ao linashuka, kila mmoja anajibu kufuatana na hisa yenye eko nayo. Dow akatafuta jibu moja. Tarehe 3 Julai 1884 akatangaza wastani wa hisa 11. Kati yao 9 zilikuwa za kampuni za reli, juu reli ndiyo ilikuwa nguvu ya Marekani wakati ule.

Tarehe 26 Mei 1896 akatoa wastani mwingine, wa kampuni 12 za viwanda: sukari, tumbaku, ngozi, mpira, risasi, gazi, makaa na chuma, umeme. Namna ya kuhesabu ilikuwa nyepesi. Anachukua bei za hisa 12, anazijumlisha, anagawanya kwa 12. Siku ile ya kwanza jibu lilikuwa 40,94. Mu Agosti wa ule mwaka likashuka mpaka 28,48. Mtoto wa kalasi ya msingi angeweza kurudilia ile hesabu na kuona kama Dow amesema kweli.

Hapa ndiyo mahali pa kuelewa alama za leo. Kabla ya wastani, mtu alikuwa anasema tu kwamba hisa yake imepanda. Kisha ya wastani, angeweza kuuliza: imepanda kuliko zingine? Tuseme mu miezi sita soko lote limepanda 10 kwa mia. Hisa moja imepanda 30 kwa mia, ingine 2 kwa mia. Zote mbili zimepanda, lakini ya kwanza iko na nguvu na ya pili imechoka. Sawa vile mu championa: kusema tu kwamba timu imepata pointi haitoshi, unaangalia klasema, Mazembe eko wapi, Lupopo eko wapi.

Tangu 1899 Dow aliandika mu gazeti lake namna anaona mwendo wa bei. Alisema soko liko na mienendo mitatu kwa mara moja: ule mkubwa wa miaka, ule wa kati wa majuma ao miezi, na ule mdogo wa kila siku. Aliufananisha na maji ya bahari, yenye yanajaa na kupwa huku mawimbi yanapiga. Mtu mwenye kuangalia wimbi moja atadanganyika; apande kijiti mu mchanga, aone maji yanafika wapi.

Alifundisha pia kwamba wastani wa viwanda na wastani wa reli vinapashwa kutembea pamoja. Sisi wa huku hatuhitaji maelezo marefu. Kama kampuni inasema inatoa shaba nyingi sana, lakini malori ku Kasumbalesa hayaongezeki, kuna kitu hakisemwe. Vitu vyenye vinatengenezwa vinapashwa kusafirishwa.

Na juu ya yote, Dow alikuwa anarudilia neno moja: bei inatembea, lakini nyuma ya wakati inarudi ku thamani. Na thamani ya hisa ni uwezo wa kampuni kuzaa faida. Mtu mwenye aliona Leadville hangeweza kusahau kuuliza kitu gani iko ndani ya shimo.

Kisha ya kufa kwake

Mu 1902 afya yake ilikuwa imepunguka. Kampuni ikauzwa, ikaingia mikononi mwa Clarence Barron, mwandishi wa Boston. Dow akakufa nyumbani kwake ku Brooklyn tarehe 4 Desemba 1902, na miaka 51 tu. Hakuacha kitabu chochote juu ya hisa, wala hakusema kwamba amevumbua mafundisho mapya. Wengine ndio walikusanya maandiko yake: kwanza Samuel Nelson, kisha William Peter Hamilton, na mu 1932 Robert Rhea. Wao ndio waliyaita mafundisho ya Dow.

Wakati kompyuta zilifika, watu wakafanya kwa hisa maelfu kitu yenye Dow alifanya kwa hisa 12. Mu 1967 Robert Levy aliandika juu ya kupanga hisa kufuatana na nguvu ya bei zake. Kuanzia 1984 gazeti la William O'Neil ku Marekani likajulikana kwa alama zake za 1 mpaka 99: mwenye 99 amepita karibu hisa zingine zote mu miezi 12. Njia ingine yenye inatumiwa sana leo inapima bei ya sasa mbele ya wastani wa siku 200, inaangalia mwendo wa siku 125, inaongeza siku 50 na siku 20. Miezi mingi inapewa uzito mkubwa, siku kidogo uzito mdogo. Mwisho hisa zote zinapangwa mu mstari mmoja na kila moja inapata alama yake. Mwenye kuitumia anaangalia zile za juu, na zikianza kushuka mu orodha anaziuza.

Je, inasaidia? Mu 1993 watafiti wawili, Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman, walionyesha kwamba ku Marekani hisa zenye zilishinda mu miezi 3 mpaka 12 ziliendelea kwa wastani kushinda mu miezi yenye kufuata. Basi, ndani ya hizi alama kuna kitu. Lakini tuseme yote. Mu 2009, kisha ya soko kuanguka, zile hisa zenye zilikuwa za mwisho ndizo zilirukia juu kwa nguvu, na wenye walikuwa wanategemea orodha peke yake wakaumia. Alama inahesabu njia yenye imekwisha kutembewa. Kesho haiko mu hesabu.

Neno kwa watu wa migodi

Mu depo za Musompo kila mchimbaji anajua uchungu wa namba. Umetoka na mfuko wako, mashine ya Metorex inatoa tenere, na ile namba ndiyo chakula cha nyumba. Kama mwenye mashine ni yule yule mwenye kununua, na wewe huna namna ya kupima tena, unabakia kusema ndiyo. Ile shida ndiyo Dow aliipiganisha ku Wall Street kwa kalamu yake.

Basi baba akipokea dekonti yake ya mwisho kisha ya miaka 30 ya kazi, na mtu anamfikia na telefone yenye hisa ya alama 98, asikatae kusikiliza, lakini asitoe makuta siku ileile. Mama wa nyumba naye akae pale, asikie. Waulize maulizo matatu. Nani amepima? Amepima namna gani, na je, sisi wenyewe tunaweza kurudilia hesabu yake? Na chini ya alama kuna nini: kampuni gani, inauza nini, inapata faida wapi? Wazee wanakumbuka zile promosio za makuta za 1991. Watu waliuza mpaka vyombo vya nyumba kwa kuingia, na hakuna mtu aliyeonyeshwa faida inatoka wapi.

Dow hakuomba mtu amwamini. Alichapa majina 12 na bei 12 mu karatasi, kila mtu mwenye kalamu akaweza kujumlisha mwenyewe. Mwenye kukuletea alama na anakataa kufungua hesabu yake, mwache aende nayo.